Vidole Kumi, Namba Mbili

Mara ya mwisho kuvaa sare ya shule ya upili nilikuwa na miaka 20, na shule nilikuwa nimeimaliza zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Sketi ilikuwa imenibana kiunoni nikaishika na pini. Hijabu nyeupe niliipiga pasi vizuri, nikapanga begi: vitabu viwili vya hesabu juu, nguo zangu zote chini. Kisha nikapanda basi la asubuhi kutoka Garissa kwenda Nairobi.

Kama hujawahi kutoka Garissa kwa basi, wacha nikueleze. Kabla hujaanza hata kusinzia unafika daraja la Mto Tana. Hapo kuna kizuizi cha polisi. Basi linasimama, abiria wanashuka, wanapanga foleni, kila mtu na kitambulisho mkononi kama tiketi ya mechi. Afisa anaangalia kadi, anaangalia uso, anarudi kwa kadi. Ukikosa kadi unawekwa kando. "Kando" ni neno dogo, lakini pale darajani lina uzito wake. Basi linaondoka, wewe unabaki, na kinachofuata kinategemea afisa ameamka vipi siku hiyo.

Mimi nilimpa kadi ya shule. Picha ilikuwa imefifia, na tarehe nilikuwa nimeifunika kwa kidole gumba.

"Uko fomu ngapi?"

"Fomu tatu, afande."

"Na mbona huko shuleni? Leo ni Jumatano."

"Nilitumwa karo. Naenda kwa mjomba, ndiye analipa."

Akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyake. "Haya, panda. Soma bidii, usikubali waku-oze mapema."

Nilipanda nikaketi karibu na dirisha. Mwanamke niliyekaa naye alikuwa amesikia kila kitu, na nadhani aliona pini. Hakusema neno. Alinipa tu tende tatu kutoka kwa mfuko wake. Nilizila nikitetemeka mpaka Mwingi.

Nimeandika hayo kwanza kwa sababu nataka ujue nilikuwa nimekuwa mtu wa aina gani. Mimi nilikuwa prifekti. Nilikuwa yule msichana anayeandika majina ya wanaopiga kelele. Sikuwa mwongo. Lakini kuna uongo unaoufanya wewe, na kuna uongo ulioutangulia, ule uliofanyiwa ukiwa mdogo ili uishi. Huu wangu wa darajani ulikuwa mtoto wa ule mwingine.

*

Nilifanya KCSE Machi 2021, ile ya mwaka wa korona iliyosogezwa mbele. Matokeo yakaja: B ya kutoa. Kwetu hiyo ni sherehe. Hooyo alichinja mbuzi, majirani wakala. Wiki iliyofuata nilikwenda kuomba kitambulisho kama wenzangu wote wa darasa. Nilikuwa na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Hooyo, kitambulisho cha marehemu Aabo, barua ya chifu. Nilichovya vidole kumi kwenye wino mmoja mmoja. Nikapewa karatasi ya kusubiri. Tulipiga picha na zile karatasi, tukaziweka kwenye status.

Wenzangu walipata kadi zao mmoja baada ya mwingine. Karatasi yangu ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Nilikuwa naenda pale ofisini kila Jumatatu, mpaka askari wa langoni akawa ananiita "mfanyakazi". Halafu siku moja afisa mmoja, mtu mpole tu, alinigeuzia kompyuta yake.

"Dada, wewe uko hapa tayari."

"Wapi?"

"Kwa wakimbizi. Vidole vyako viko kambini tangu 2011. Una namba."

Nilimwambia hiyo si namba yangu. Akasema vidole havidanganyi. Nikamwambia mimi ni Mkenya, Hooyo ni Mkenya, Aabo alikuwa Mkenya, kadi zao hizi hapa mezani. Akasema anaziona, na anaamini, lakini mashine haitakubali. Mtu mmoja hawezi kuwa na namba mbili.

"Sasa nifanye nini?"

"Inabidi ufutwe kule kwanza. Ndio huku tukuandike."

Nilirudi nyumbani nikilirudia hilo neno. Ufutwe. Kama kosa la penseli.

*

Sasa turudi 2011.

Nilikuwa na miaka tisa. Sisi ni watu wa mifugo, na boma letu halikuwa mbali na Dadaab, kule ambako kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilijengwa 1991 na 1992 wakati Somalia ilipovunjika. Kwetu kambi haikuwa kitu cha televisheni. Tuliuza maziwa huko, tulitibiwa huko, tulikuwa na jamaa huko. Mpaka wenyewe ni mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwa na ngamia.

Mwaka huo mvua haikuja. Mwaka uliotangulia pia ilikuwa imetudanganya. Julai 2011 baa la njaa lilitangazwa rasmi kusini mwa Somalia, na watu wakawa wanavuka kwa maelfu, wengine wakizika watoto njiani. Wao walikuwa na kambi ya kukimbilia. Sisi tuliokuwa upande huu tulikuwa na uraia, na uraia haupikwi. Ng'ombe wetu walilala chini mmoja mmoja hawakuamka. Nakumbuka Aabo akimshika mkia ng'ombe wa mwisho akijaribu kumsimamisha, na Hooyo akimwambia amwache.

Baada ya hapo ninakumbuka vipande tu. Hooyo akitufunga viatu usiku. Kutembea. Habaryar, yule jamaa yake Hooyo aliyeishi kambini tangu vita, akitupokea kwenye hema lake. Hooyo akituchuchumaza chini, mimi na kaka zangu wawili, akisema polepole: "Mkiulizwa, mmetoka ng'ambo. Mama yenu ni Habaryar. Mimi ni mama yenu mdogo. Mmesikia?" Tulikuwa tumesikia. Mtoto mwenye njaa husikia haraka.

Foleni ilikuwa ndefu. Kulikuwa na meza, mwanamume mwenye fulana na kofia, na kifaa chenye kioo na taa. Aliniambia niweke vidole. Nilifurahia ile taa, ninakumbuka hivyo. Niliomba kurudia. Baadaye tulipata kadi ya resheni, ile inayotobolewa kila unapopokea chakula: unga, mafuta, dengu, chumvi. Tulikula. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa imerudi, nasi tukarudi nyumbani, na hakuna aliyefikiria tena kuhusu ile taa.

Lakini ile taa haikuzimika. Ilikaa ndani ya kompyuta mahali fulani ikinisubiri nifike miaka 18.

Na sikuwa peke yangu. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 40,000 huku kaskazini mashariki, wengi wao wakiwa watoto wa ukame mbalimbali, Wakenya waliojiandikisha au kuandikishwa kambini ili wale. Kila kijiji kina wake. Ukienda harusi, utawajua: ni wale vijana wasiozungumzia kusafiri.

*

Kuna mtu atauliza: si ni kadi tu? Basi wacha nihesabu.

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu. Bila laini iliyosajiliwa hakuna M-Pesa. Hakuna akaunti ya benki, hakuna PIN ya ushuru, hakuna cheti cha polisi cha tabia njema, hakuna kura. Nilipata nafasi ya chuo kikuu lakini mkopo wa serikali wa wanafunzi unadai namba ya kitambulisho kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Sikufika ukurasa wa pili. Agosti 2022 nilikaa dirishani nikaangalia majirani wakirudi na wino kwenye vidole, na niliona wivu. Mimi, ambaye wino ulikuwa umeniharibia maisha.

Hata jengo la ghorofa huingii. Soja wa Nairobi anataka kitambulisho abaki nacho hapo mezani. Nilijifunza kuwaambia watu, "Teremka tukutane hapo nje, hewa ni nzuri."

Nairobi nilikaa Eastleigh kwa shangazi. Yeye hakulala vizuri nikiwa nyumbani kwake. Alikumbuka Aprili 2014, ile operesheni ya polisi, watu wakibebwa kwa malori hadi uwanja wa Kasarani kukaguliwa. "Wenye kadi walitoka baada ya siku," alikuwa akisema akifunga komeo. "Wasio na kadi..." Hakumalizia. Ikifika jioni sikutoka nje. Nilikuwa msichana wa miaka 20 mwenye amri ya kutotoka nje usiku niliyojiwekea mwenyewe.

Lakini riziki hutafutwa. Nilianza kuuza diraa na shash mtandaoni. Nachukua kwa mkopo dukani, napiga picha kwenye ngazi ambapo mwanga ni mzuri, natuma kwa boda. Biashara ikashika. Laini ya simu ilikuwa ya binamu yangu, yeye ndiye aliyeisajili. Wateja walikuwa wakiniuliza, "Mbona jina linatokea la mwanamume?" Nikawa nasema ni mume wangu. Sina mume. Kila aliyenilipa alilipa jina la mtu mwingine.

Novemba 2022 simu yangu ilipoteza mtandao mchana. Nilidhani ni mnara. Kumbe binamu alikuwa amekwenda kwa wakala na kitambulisho chake, akasema laini imepotea, akapewa nyingine. Mle ndani mlikuwa na shilingi 23,400, na elfu kumi na tatu kati ya hizo zilikuwa za mwenye duka.

Nilimpata baada ya siku mbili. Hakujificha. Mke wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hospitali ilikuwa imemzuilia. Alilia. Akasema atalipa, na kwa kweli amelipa karibu yote. Lakini siku hiyo nilimwambia nitamshtaki, naye akaniuliza kwa upole kabisa, si kwa dharau:

"Utaandikisha taarifa kwa namba gani?"

*

Usiku huo nilimpigia Hooyo kwa simu ya shangazi. Sikumwambia kuhusu pesa kwanza. Nilimwambia kuhusu kamati. Maana kulikuwa na njia, kwa maneno. Mara kwa mara iliundwa kamati ya kupiga msasa: wazee, chifu, maafisa wa usajili, watu wa usalama. Unafika na mzazi wako, mzazi anaeleza wewe ni nani na ulifikaje kambini, wazee wanathibitisha ukoo, jina lako linapelekwa Nairobi ili ufutwe kule. Mara mbili nilikuwa nimemwomba Hooyo aende. Mara mbili alikuwa amesema miguu inamuuma.

Mara hii alisema, "Wakinifunga?"

"Hawatakufunga."

"Nilisema uongo mbele ya serikali, hooyo. Niliweka vidole vyangu pia." Kwetu mama humwita mtoto wake "hooyo", mama. Neno moja linakwenda na kurudi. Siku hiyo lilinichoma.

Nikamwambia jambo ambalo ningelipa 23,400 nyingine kulirudisha. Nilimwambia, "Uliniuza kwa unga."

Hakujibu. Nilisikia mbuzi nyuma yake, na mtu akipiga chuma. Kisha simu ikakatika. Sijui ni yeye aliyekata au ni salio lililoisha.

Hatukuzungumza kwa wiki sita.

*

Katika wiki hizo nilisoma sana. Mtu asiye na namba anakuwa na muda.

Nilisoma kwamba hii habari ya kipande si yetu peke yetu. Sheria ya Mwingereza ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma, ikining'inia shingoni. Ilionyesha anafanya kazi kwa nani na kama ameruhusiwa kuondoka. Harry Thuku na wenzake walikuwa wakilalamikia kipande tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baada ya uhuru kikebe kilitoka shingoni, lakini jina likabaki. Mpaka leo mzee akipoteza kitambulisho atakuambia amepoteza kipande. Wanawake hawakuwa wakiandikishwa kabisa hadi sheria ilipobadilishwa 1978. Kwa hiyo nyanyangu aliishi sehemu kubwa ya maisha yake bila namba yoyote, na aliuza ghee mpaka Isiolo bila kuulizwa na mtu. Nilimwonea wivu yeye pia.

Nilisoma kuhusu 1989. Mwaka huo serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa, na waliothibitishwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Aabo alikuwa nayo. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kadi ya hospitali. Baba alihitaji kadi mbili ili aaminiwe kuwa ni mmoja. Bintiye hana hata moja kwa sababu ana namba mbili. Ukiiambia hadithi hii katika nchi nyingine watadhani ni kitendawili.

Nilisoma Katiba ya 2010 pia, Kifungu cha 14: ni raia wa kuzaliwa yule ambaye siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake ni raia. Hakuna pahali pameandikwa "isipokuwa alikula dengu". Na Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya hati za usajili. Nilikinakili kwenye daftari la madeni, juu ya jina la binamu.

Na nilikumbuka kwamba 2019, nikiwa shuleni, walikuja watu wa Huduma Namba na nilitoa vidole tena. Walinichukua bila swali, kama Mkenya. Baadaye, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisimamisha kadi hizo kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa data za watu. Nilicheka peke yangu. Vidole hivi vilikuwa vimeshapita mikononi mwa kila mtu, na hakuna aliyewahi kuniuliza mwenye vidole ni nani.

*

Hooyo alipiga Januari 2023. Hakusalimia. Alisema, "Kamati inakaa Alhamisi. Njoo."

Nilivaa ile sare tena? Hapana. Nilikuwa nimeapa ilikuwa ya mwisho. Safari hii nilikwenda na shangazi, na pale darajani yeye ndiye aliyeongea, kwa sauti ya watu waliozeeka wakiongea na polisi. Tulipita.

Kamati ilikaa kwenye darasa. Madawati yalikuwa ya watoto, hivyo wazee walikaa magoti yakiwa kifuani. Tulikuwa vijana wengi, kila mmoja na mzazi wake, na ilikuwa ajabu kuona wazazi wote wakiangalia chini kama wanafunzi waliochelewa.

Zamu yetu ilipofika Hooyo alisimama. Afisa aliuliza kwa Kiswahili, mzee mmoja akatafsiri. "Kwa nini ulimwandikisha mtoto wako kama mkimbizi na unajua ni Mkenya?"

Hooyo alitoa kwenye kitambaa kadi zote: kitambulisho chake, cha Aabo, ile ya waridi, na kadi ya resheni yenye matundu. Alizipanga mezani taratibu kama mtu anayepanga vikombe.

Kisha akasema, "Mwaka ule nilikuwa na watoto wanne. Hapa mtaandika watatu."

Nilijua tulikuwa na ndugu mdogo. Siku zote tuliambiwa alikufa kwa homa. Nilikuwa sijawahi kuuliza mwezi.

"Aliponifia mikononi hakuwa na homa," alisema Hooyo. "Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Mume wangu alisema hatuendi kambini, sisi si wakimbizi, tuna vitambulisho, serikali italeta chakula. Tukangoja. Tulimzika Ijumaa. Jumapili nilifunga watoto viatu." Alimngoja mzee atafsiri. "Mkitaka kuandika kosa langu, andikeni kwamba nilichelewa. Kama ningekuwa mwongo mapema kidogo, wangekuwa wanne."

Mzee aliyekuwa akitafsiri alifika hapo akanyamaza. Akavua miwani. Afisa akasema amefahamu, inatosha. Hakuuliza swali la pili.

Nje, chini ya mti, nilijaribu kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima ndani ya basi. Nilifika "Hooyo, siku ile nili—" akanikatiza.

"Umekula?"

Nikasema bado. Akafungua kitambaa kile kile, ndani mlikuwa na anjera mbili. Tulikula tukiwa tumesimama. Hajawahi kuirudia ile sentensi yangu na sidhani atairudia. Nyakati nyingine ningependa anigombeze, nimalizane nayo.

*

Kamati ilinipitisha. Ukidhani hadithi inaishia hapo, hujawahi kusubiri ofisi. Nilipitishwa 2023 nikaendelea kukosa namba 2023, na 2024 yote. Jina langu lilikuwa kwenye orodha, orodha ilikuwa kwenye faili, faili lilikuwa "juu". Sijui juu ni wapi. Nilikuwa nimehamishia biashara kwa laini ya shangazi.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikaamua kesi iliyopelekwa na watu kama mimi, ikawapa haki. Niliposikia nilikuwa nafunga paketi ya diraa, nikajikata na selotepu. Mwezi uliofuata Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule msasa maalumu wa watu wa kaunti za mpakani umekomeshwa. Watu walipiga vigelegele. Hooyo alisema, "Nitaamini nikiishika." Ni mtu aliyewahi kungoja chakula cha serikali.

Niliitwa kati ya mwaka. Vidole kumi, tena. Afisa alikuwa msichana wa umri wangu, akaniambia nilegeze mkono, nimeukaza sana. Baada ya wiki kadhaa ujumbe ukaja: kadi iko tayari.

Nilipoichukua nilimwuliza, "Ile namba ya kwanza imeenda wapi?"

"Imezimwa."

"Haijafutwa?"

Alifikiria. "Kwa kompyuta hakuna kitu kinafutwa, dada. Kinazimwa tu."

Nilishangaa kwamba jibu hilo lilinifurahisha. Yule mtoto wa miaka tisa aliyependa taa alikuwepo kweli. Alisimama kwenye foleni kweli. Kuna mahali ameandikwa kwamba alilishwa. Sikutaka afutwe. Nilitaka tu aache kunizibia mlango.

*

Jambo la kwanza nililofanya ni kununua laini. Wakala aliuliza, "Ni yako mwenyewe?" nami nikasema ndiyo kwa sauti kubwa kupita kiasi, mpaka watu wakageuka. Niliweka pesa. Nikamtumia Hooyo shilingi 1,000.

Hooyo hasomi. Ana kabambe, na ujumbe ukiingia anaupeleka dukani asomewe. Mwenye duka ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, nilipompigia jioni kuuliza kama zimefika.

Alisema alisoma kama kawaida: umepokea shilingi elfu moja kutoka kwa, kisha jina. Hooyo akamwambia arudie. Akarudia kiasi. Hooyo akasema, si pesa, jina. Akasoma jina langu, jina la Aabo, jina la babu, yote matatu kwa mpangilio, kama yanavyosomwa kwetu tangu zamani kabla ya kadi yoyote. Akamwambia arudie tena.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Wateja walikuwa wananingoja," alisema. "Lakini nilirudia."

Kisha Hooyo akachukua simu yake, akaifunga kwenye kile kitambaa cha kadi, akaondoka. Alisahau kuchukua sukari aliyokuja kununua. Mwenye duka alimtuma mtoto ampelekee.